Gari lashika usukani, lawama kwa dereva

KAMPUNI ya Tesla ya Marekani ilianza kuyatia magari yake ya umeme programu ya Autopilot mnamo Oktoba 2015. Tangu hapo, malalamiko kuhusu usalama wa mifumo ya aina hiyo hayajatulia.

Programu hiyo hutambua mistari ya barabara na magari yaliyo mbele, kisha hugeuza usukani, huongeza kasi na kufunga breki.

Hata hivyo, katika mizani inayopanga uwezo wa mifumo hiyo kuanzia sifuri hadi tano, Autopilot iliwekwa daraja la pili. Maana yake, dereva hubaki dereva, na sharti aitazame barabara muda wote. Hata programu ghali zaidi, iliyouzwa kwa jina lenye maana ya kujiendesha kikamilifu na kwa bei iliyofika dola 15,000 mwaka wa 2022, ilikuwa daraja lilo hilo. Neno la kuonya kwamba lazima isimamiwe liliongezwa kwenye jina lake mwaka wa 2024.

Hapo ndipo penye kero. Aliyewahi kuketi kando ya mwanafunzi wa udereva anaujua uchovu wa kungojea kosa ambalo huenda lisitokee. Mashine ikipatia mara elfu moja, jicho la msimamizi husinzia.

Mei 2016, jimboni Florida, gari la Tesla lilipita chini ya trela iliyokuwa ikikata barabara, na dereva akafa. Tesla ilieleza kuwa si dereva wala programu iliyoutambua ubavu mweupe wa trela mbele ya anga yenye mwangaza mkali. Wachunguzi walibaini kuwa katika dakika 37 ambazo programu ilitumika, mikono ya dereva ilihisiwa kwenye usukani kwa sekunde 25 tu. Machi 2019, katika jimbo lilo hilo, ajali ya namna hiyo hiyo ilimuua dereva mwingine.

Bodi ya uchunguzi wa ajali za uchukuzi, NTSB, ilikuwa imewataka watengenezaji sita mwaka wa 2017 wazuie mifumo hiyo kutumika katika barabara isizotengenezewa. Watano walijibu. Februari 2020, siku 881 baadaye, bodi ililalamika kuwa Tesla ilikuwa bado kimya.

Kwa wengine, kero ni kinyume: gari hufunga breki ghafla kwenye barabara kuu ilhali mbele hamna kitu. Februari 2022, idara ya usalama wa magari, NHTSA, ilianza uchunguzi baada ya kupokea malalamiko 354 ya aina hiyo katika miezi tisa.

Desemba 2023, zaidi ya magari milioni mbili yaliagizwa yarekebishwe ili yamsimamie dereva kwa makini zaidi. Marekebisho yalitumwa kwa mawimbi ya mtandao, bila gari kufikishwa gereji. Aprili 2024, NHTSA ilianza kuchunguza iwapo yalitosha, kwani magari yaliyorekebishwa yalikuwa yamehusika katika ajali.

Agosti 2025, baraza la mahakama mjini Miami liliamua kesi ya msichana wa miaka 22 aliyegongwa na kufa mwaka wa 2019, dereva akiwa ameinama kuokota simu. Dereva alibebeshwa asilimia 67 ya lawama, Tesla asilimia 33 na fidia ya takriban dola milioni 243. Kampuni ilisema itakata rufaa.