Lukasa na mpangilio wa kumbukumbu za Waluba

Kabla karatasi haijafika Uluba, kusini mashariki mwa Kongo, watu wa nchi hii walikwisha kujua kwamba habari isiyo na mahali pake hupotea. Katika chama cha Mbudye, historia ya ufalme ilitunzwa na bana balute, watu wa kumbukumbu. Chombo chao kilikuwa lukasa: ubao wa kushikika mkononi, mwembamba katikati, uliopambwa kwa shanga, kauri na pini za chuma. Mgongo wake unafanana na gamba la kobe, mnyama aliye alama ya Mbudye.

Msomaji aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, na kidole cha shahada cha kulia kikapita juu ya shanga huku akisimulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mtawala na watu wake. Mstari wa shanga ni safari. Nyekundu ni Nkongolo Mwamba, mtawala katili. Buluu ni Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, ambaye mwanawe Kalala Ilunga alimshinda Nkongolo na kushika nchi.

Mwanahistoria Thomas Reefe aliandika mwaka 1977 kwamba lukasa zilikuwa za aina tatu. Lukasa lwa nkunda, ya njiwa, ilibeba mashujaa na safari za mwanzo. Lukasa lwa kabemba, ya mwewe, ilibeba utaratibu wa Mbudye yenyewe. Ya tatu ilikuwa ya watawala, yenye siri za ufalme. Kila moja ilibeba habari za aina yake.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kamina, na sasa napanga nyaraka za mji wetu ziingie kwenye tovuti: reli yetu, iliyofika Ilebo mwaka 1928, kambi ya jeshi, miaka ambayo padri Placide Tempels alikaa hapa, na jimbo la Haut-Lomami lililozaliwa mwaka 2015. Vijana wanaonisaidia walitaka kila aliyeleta karatasi awe na folda yake. Nikawaeleza habari za lukasa. Sasa folda kuu ni tatu: ya watu na safari zao, ya taasisi na taratibu zake, na ya nyaraka ambazo familia zimeomba zisionyeshwe hadharani. Mwanafunzi anayetafuta habari za reli hana haja ya kujua karatasi ilitoka kwa nani ndipo aipate.

Lakini lukasa ilikuwa na mwalimu. Aliyeisoma alikwisha kupanda ngazi za Mbudye hadi ya juu kabisa. Siku hizi mbao nyingi zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Shanga zipo, ila masimulizi yaliyosomwa juu ya ubao huu au ule yamekwenda na wasomaji wake. Ndiyo maana nasisitiza kila folda iwe na ukurasa wa kwanza unaoeleza kilichomo, majina ya faili yametungwaje, na msomaji aanzie wapi. Mpangilio ambao hakuna aliyefundishwa kuusoma haumsaidii mtu, hata uwe mzuri namna gani. Waluba waliwekeza zaidi kwa msomaji kuliko kwa ubao, nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo.