Taimingi ya dizeli, kutoka Augsburg hadi mashine za kusaga za Mara

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni hushindilia hewa hadi ipate joto la nyuzi 500 na zaidi, kisha nozo hupuliza mafuta, nayo huwaka yenyewe baada ya kitambo kifupi mno. Anayetaka kupanga wakati wa kuwaka, basi, hupanga wakati wa kupuliza. Mafuta yakiwahi kupita kiasi, injini hugonga na pistoni huumia. Yakichelewa, nguvu hupungua na moshi hufuka.

Rudolf Diesel, aliyepata hataza mwaka 1893, alipuliza mafuta kwa hewa ya kompresa. Injini yake iliyofaulu majaribio mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilikuwa nzito, ya kukaa kiwandani tu. Mwaka 1927 Bosch ilianza kuuza pampu ndogo ambayo kamu yake huamua mafuta yaanze kuingia lini, na mfereji wa mshazari kwenye plunja huamua yakome lini. Hapo dizeli ikapata njia ya kuingia barabarani.

Mkoani Mara historia hiyo iliingia kwa mlango wa unga. Kabla ya nguzo za umeme kufika, mtama, mahindi na makopa ya vijiji vya Musoma, Butiama na Bunda yalisagwa kwa injini za dizeli, kama kwingineko Tanzania. Miongoni mwa injini za kazi hiyo ni Lister ya silinda moja, iliyoanza kuundwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929 na baadaye kunakiliwa India.

Kutega taimingi yake, fundi hufungua bomba la kwenda kwenye nozo, kisha huzungusha flaiwili kwa mkono, polepole, jicho likiwa kwenye tundu la pampu. Dizeli inapoanza tu kupanda, husimama. Pistoni inapaswa kubakiza takriban digrii 20 kufika juu. Kama sivyo, hulegeza nati na kurekebisha skrubu ya tapeti: ikirefushwa, mafuta huwahi. Huo ni upimaji kamili wa kihandisi, hata ukifanyiwa chini ya mwembe.

Taimingi moja huitosha Lister kwa sababu huenda mwendo uleule, mizunguko 650 kwa dakika. Lori hubadili mwendo; likikimbia, mafuta lazima yawahishwe, na pampu zake zikawekewa vyuma vya kufanya hivyo zenyewe. Mwaka 1995 Denso ya Japani iliweka kwenye malori ya Hino mfumo ambao kompyuta hufungua nozo. Mfumo wa namna hiyo huweza kutanguliza tone dogo la mafuta kabla ya yale mengi, na kugonga kwa injini hupungua.