Skrubu nne za gitaa la besi

Wadau, nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, msinilaumu. Test, maandalizi ya field, halafu hii kesi ya gitaa la besi la kwaya yetu hapa Mtwara. Viongozi wanataka liuzwe. Eti linanguruma tu, na siku hizi kinanda kinapiga besi chenyewe. Sasa mpiga besi wetu ni mzee wa watu. Ukiuza gitaa umeshamstaafisha.

Jumamosi nikaazima bisibisi. Tatizo lilikuwa pikapu (siyo ile gari jamani!). Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, inakaa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. George Beauchamp alilitumia wazo hilo kwenye gitaa huko Marekani mwaka 1931. Besi za umeme zilijaribiwa miaka hiyo hiyo ya 30, ila iliyoenea ni Precision Bass ya Leo Fender, 1951. Mwaka 1957 akaikata pikapu yake vipande viwili: kimoja cha nyuzi mbili nene, kingine cha nyembamba, kila kimoja na skrubu zake mbili za kupandisha na kushusha.

La kwetu ni nakala ya hiyo. Kipande cha nyuzi nene kilikuwa kimepandishwa mpaka mwisho. Mtu alitaka sauti kubwa, akaipata, ila sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi wenyewe: unagongagonga, noti za juu zinapotoka, mlio unakufa mapema. Cha nyembamba kilikuwa kimezama, skrubu zina kutu. Upepo wa bahari wa Shangani mnaujua.

Nani alikaza hivyo? Hakuna anayekumbuka. Hapo ndipo nikawaza bendi zetu za dansi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 na chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na wanamuziki walihamahama bendi kama wachezaji wa mpira. Mtu akiondoka, gitaa linabaki. Kwa hiyo nadhani (ni wazo langu tu, msiliweke kwenye assignment) wapiga besi wengi walirithi skrubu za mtu mwingine, wakaziba kasoro kwa vidole. Huwezi kuziona skrubu kwenye rekodi za RTD, lakini sauti tunayosema ni ya fulani ilipita kwanza kwenye chombo ambacho hakikuwa chake.

Haya, turudi kwa mzee. Nilibonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, nikapima kwa rula, nikashusha pikapu mpaka ikabaki nafasi ya kama milimita 3. Upande mwembamba nikapandisha kidogo kidogo huku yeye akipiga na kusema "bado... bado... hapo hapo!" Sauti ilipungua kweli, tukaongeza kwenye amplifaya, lakini kila noti ikawa inasikika peke yake. Mzee alipiga nusu saa bila kuongea.

Skrubu moja imekatika kichwa mkononi mwangu, hiyo sijawaambia viongozi. Kikao ni Alhamisi. Mzee ameomba kabla ya ajenda apige wimbo mmoja.