Je, simu inaweza kujua kama mtoto ana usonji?

Kila tunapozungumzia usonji hewani, swali moja hurudi: mtoto ana miaka miwili na nusu, hasemi, ukimwita hageuki, kuna programu ya simu ya kumpima? Programu zipo, ila hazifanyi kazi kama kipimo cha malaria.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayogusa mawasiliano na namna mtoto anavyohusiana na watu. Hautambuliwi kwa kupima damu. Mtaalamu humwangalia mtoto akicheza, huwahoji wazazi, kisha huamua. Wataalamu hao ni wachache na wengi wako mijini, ndiyo maana watu wameigeukia akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi.

Tuchukue mfano wa Marekani. Juni 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko, FDA, iliidhinisha programu ya kampuni ya Cognoa kwa watoto wa miezi 18 hadi miaka 5. Mzazi hujibu maswali kwenye simu na kutuma video mbili fupi za mtoto. Wachambuzi huzitazama, na daktari naye hujibu maswali yake. Programu huunganisha yote na kutoa jibu: ana usonji, hana, au haina uhakika.

Hapo ndipo pa kutega sikio. Katika utafiti wa watoto 425, programu ilitoa jibu kwa asilimia 32 tu. Kwa waliobaki, ilishindwa kuamua. Kati ya walioambiwa wana usonji, asilimia 81 walithibitishwa na jopo la wataalamu. Kati ya walioambiwa hawana, asilimia 98 kweli hawakuwa nao. Ndiyo maana iliruhusiwa kumsaidia daktari, si kukaa kwenye kiti chake.

Na watoto hao walikuwa wa Marekani. Kwetu mtoto hufundishwa asimkazie mkubwa macho. Programu isiyojua hilo inaweza kuisoma heshima kama dalili.

Kwa upande wa msaada, Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu miwani yenye kamera inayomwambia mtoto kama uso ulio mbele yake umefurahi au umekasirika. Mwaka 2019 iliripotiwa kuwa watoto walioitumia nyumbani walipiga hatua zaidi katika kuchangamana na wenzao. Bei yake si ya kijijini, tuseme ukweli.

Lakini simu uliyonayo inafaa. Mrekodi mtoto dakika moja anapokula, anapocheza na wenzake, na unapomwita kwa nyuma. Pale kliniki mtoto anaweza kulia tu, mhudumu asione kitu, video itamwonyesha. Omba masikio yapimwe pia, maana asiyesikia naye hageuki. Video hiyo usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp.

Ukiambiwa "subiri, atasema tu", na maneno aliyokuwa nayo yamepotea, rudi kliniki wiki hiyo hiyo uombe rufaa.