Alama Tuli na Alama Badilifu katika Biashara ya Mwanza

Mtu apitaye leo katika maduka ya Mwanza hata soko la dagaa la Kirumba Mwaloni huona vibao vyenye mraba uliojaa vidoa vyeusi na vyeupe, na chini yake namba ya kulipia. Wengi hudhani kuwa miraba ya jinsi hiyo yote ni ya namna moja. Sivyo. Upo ulio tuli na upo ulio badilifu, na ugomvi uliofichika baina ya namna hizi mbili ni mkongwe kuliko simu yenyewe katika ukingo huu wa ziwa.

Asili ya alama isomwayo na mashine ni msimbomilia wa Woodland na Silver, uliopata hataza Marekani mwaka 1952. Lakini haukusomwa kwenye bidhaa dukani, kwa namna tuijuayo sasa, mpaka tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio. Mistari ile husomwa kwa upande mmoja tu, kwa hiyo hubeba tarakimu chache. Mwaka 1994 Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, Japani, waliokuwa wakihesabu vipuri vya magari, walitunga mraba usomwao kwa mapana na marefu, uwezao kubeba tarakimu 7,089. Mraba huo ukichapwa kwa daraja la juu la kujisahihisha, waweza kusomeka hata kama sehemu yake ipatayo asilimia 30 imeharibika. Sifa hiyo si ndogo mahali ambapo magamba ya samaki na maji hurukia kila kitu.

Sasa tutazame tofauti. Msimbo tuli hubeba jambo lenyewe: namba ya mfanyabiashara au anwani kamili. Umechapwa, umekwisha. Mteja huusoma kwa simu, kisha huandika kiasi cha fedha kwa mkono wake. Msimbo badilifu wa malipo huzaliwa upya kwa kila mauzo, nao huwa na kiasi ndani yake. Katika kanuni za kimataifa za EMVCo za mwaka 2017, tarakimu 11 huonyesha msimbo tuli, na 12 huonyesha ule badilifu. Katika kutangaza bidhaa, hata hivyo, jina hili la pili hupotosha kidogo. Wino haubadiliki hata chembe. Kilichochapwa ni anwani fupi ya mtu wa kati, naye ndiye ampelekaye msomaji huko mwenye bidhaa atakako, leo huku, kesho kule, na njiani humhesabu: amesoma saa ngapi, kwa simu gani, yuko wapi takriban.

Mtu wa kati! Neno hili si geni kwa Wasukuma. Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi aliyekuwa na mizani, na aliyekuwa na mizani ndiye aliyesema uzito. Mkulima hakuwa na hesabu nyingine ya kuilinganisha na hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mashuhuri. Wanahistoria wamekwisha andika mengi juu ya siasa ya shirikisho lile, nami sina la kuongeza hapo. Ninalotaka lionekane ni jambo dogo tu: shabaha ya wakulima haikuwa bei peke yake. Walitaka pia kuimiliki hesabu.

Samaki nao walileta somo jingine. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili kwa hofu kwamba walivuliwa kwa sumu. Adhabu ile iliwaangukia wema na wabaya pamoja, maana minofu ya sangara haikuwa na njia rahisi ya kusema imetoka wapi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2002, ambayo amri yake ya kufuatilia asili ya chakula ilianza kutumika mwanzoni mwa 2005, ilitaka mfanyabiashara aweze kutaja aliyemwuzia na aliyemnunulia. Katika sanduku la minofu huwamo alama mbili: namba ya idhini ya kiwanda, ambayo ni tuli, na namba ya fungu, ambayo hubadilika. Ya kwanza hutaja mwenye dhamana, na ya pili huuweka mzigo wenye kasoro peke yake ili mwingine usichukuliwe nao.

Serikali nayo iliichagua namna badilifu ilipotaka kodi. Mashine za kutoa risiti zilianza mwaka 2010, na risiti za leo hubeba msimbo wake kila moja. Stempu za kodi za kielektroniki zilianza 2019, na kila chupa ina namba yake.

Basi muuza dagaa wa Mwaloni afanye nini? Tuseme amechapa mifuko elfu kumi yenye msimbo badilifu uliokodishwa kwa kampuni ya mbali, na mizigo imekwisha vuka kwenda Kongo. Akishindwa kulipa kodi ya mwezi, mifuko yote huwa bubu kwa siku moja. Maoni yangu ni kwamba msimbo tuli wamfaa zaidi, maadamu anwani iliyomo ni mali yake mwenyewe. Akitaka kubadili habari, na abadili ukurasa wake, si msimbo. Iwapo ni lazima awahesabu wasomaji, na akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, humwajibisha yeye pia, wala si yule mwenye mitambo peke yake.

Walakini msimbo tuli una kasoro yake mbaya: mwizi aweza kubandika wa kwake juu ya ule wa mwenye duka, na fedha zikaenda kusikojulikana. Kwa sababu hii jina litokealo kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo lina thamani kuliko mraba wote, na namba iliyoandikwa chini ya mraba haifai kuondolewa, kwani mwenye simu ya vitufe hana kamera ya kusomea, naye ni mteja kama wengine.