Hip hop ya Kanada: Wasanii huru walivyojipatia jukwaa

Wasanii huru wa hip hop nchini Kanada walipuuzwa kwa miaka mingi. Mnamo 1998, kundi la Rascalz kutoka Vancouver lilikataa tuzo ya Juno kwa kuwa tuzo ya rap haikuonyeshwa kwenye televisheni. Redio ya Flow 93.5 ya Toronto, iliyomilikiwa na watu weusi, ilianza kupeperusha matangazo 2001, baada ya maombi ya awali ya leseni kukataliwa.

Shad, mzaliwa wa Kenya mwenye wazazi Wanyarwanda, aligharimia albamu yake ya kwanza (2005) kwa fedha za ushindi wa shindano la redio. 2011 alimbwaga Drake katika Juno.

Tuzo ya Polaris, isiyozingatia mauzo, ilimwendea Haviah Mighty 2019.