Bill Viola: Jangwa, Joto na Mazigazi
Bill Viola (1951–2024), msanii wa video wa Marekani, alizaliwa New York na kusoma katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Mwaka 1979 alipeleka kamera Chott el-Djerid, ziwa kavu la chumvi kusini mwa Tunisia. Huko hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto kali na kupinda mwanga. Kwa lenzi ya kuvuta mbali, watu na magari huonekana kama wanaoyeyuka, au wanaoelea juu ya maji yasiyokuwapo. Mazigazi hayo ni kazi ya jua lenyewe, si ya mitambo. Video aliyotengeneza kutokana na safari hiyo, ya dakika 28 na isiyo na haraka hata kidogo, ina pia nyanda za theluji za Illinois na Saskatchewan. Mwaka 1995 Viola aliiwakilisha Marekani katika maonyesho ya Venice.